Ini la Jumanne

Jumanne, kabla sijamwaga maji sakafuni,
Daktari Hirabayashi hufika kwenye bucha yangu, Wandegeya,
na mwavuli, hata kama ni kiangazi.
Haulizi bei ya sarara. Mbavu hazitazami.
Anataka ini zima la ng'ombe,
mishipa yake mirefu, nyongo isipasuke.

"Usikate hapa," ananionyesha kwa kidole cha mwisho.
Miaka ishirini na sita nakata nyama,
mimi mtoto wa Bombo, baba yangu alichinjia kambi nzima,
na sasa mzee wa Kijapani ananifundisha kutokata.

Hulipa, hupanda kilima cha Mulago na mfuko mweusi wa plastiki.
Huko, nasikia, madaktari vijana hulipasua mara mbili
kisha hulishona.

Siku moja mvua ilimfungia kwangu.
Nikampa chai ya tangawizi na kiti cha mizani.
Kiswahili chake alikiokota Moshi, ujanani,
kina adabu kuliko changu.

"Kwetu," alisema, "wafu hatukuthubutu kuwagusa.
Moyo ukidunda, hata kichwa kikiwa kimezimika,
nani ataapa kwamba mtu ameondoka?
Kuna daktari aliyepandikiza moyo mapema mno;
polisi wakamhoji, nchi nzima ikaingia baridi.
Ng'ambo wakaendelea. Sisi tukasoma majarida yao
kama mtu anusaye pilau ya jirani.
Miaka ikapita.
Watoto wenye macho ya manjano wakapita nayo."

Akapuliza chai, hakuinywa.

"Basi tukamgeukia aliye hai.
Baba, mama. Kitanda hiki na kile, ukuta katikati.
Unamkata mtu mzima asiye na ugonjwa wowote,
unasikia mkono wako mwenyewe ukikuuliza
umesomea nini."

Sikungoja aseme walishinda. Hakusema.
Alisema Kiyomi.
Miaka mitatu, binti wa dereva wa treni.
Miezi saba aliishi na kipande cha ini la baba yake,
akala machungwa, akajifunza kupiga mluzi,
akafa mwezi wa pili, theluji ikianguka.

"Baba alikuja ofisini kushukuru. Akainama.
Nami nikainama.
Tukakaa hivyo, hakuna aliyetaka
kuwa wa kwanza kuinuka."

"Na ini lake yule baba? Lililobaki?"

"Lilikua tena. Wiki chache tu.
Mwili haukai matanga."

Mvua ilipiga mabati. Boda wawili walijibanza mlangoni.
Nikamwambia sisi, mtu akikuumiza kupita kiasi,
husema amenikata maini.
Alitoa daftari, akaniomba nirudie polepole.
Kwao, alisema, mwenye ini nene ni jasiri.
Tukalitazama lile la ng'ombe juu ya meza,
zito, jeusi kidogo, halijui lolote.

"Waliofuata je?"
"Wengi. Maelfu. Wana watoto wao sasa."
Akalisema hilo haraka, kama anayehesabu chenji.

Daktari Acheng, mwanafunzi wake, ndiye aliyeniambia:
kabla ya kisu kugusa, hata kama ni ini la bucha,
mzee hutaja jina moja chini ya pumzi.
Nilinyamaza.
Mimi nami nina neno langu kabla ya kisu,
nalitamka tangu nikiwa na miaka tisa,
na kuna asubuhi nalitamka nikiwaza kodi ya pango.

Jioni ile Acheng alinirudishia mfuko.
Mwalimu amekataza kutupa chakula, alisema.
Ndani, ini zima.
Nikapitisha kidole juu ya mshono,
uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga,
nikatafuta ulipoanzia, sikupaona.

Mama Nakku akaingia na kikapu, anataka maini nusu kilo.
Nikanyanyua kisu.
Nikasema lile neno, polepole, kama mara ya kwanza.
Nikakiweka kisu chini.

Nikamuuzia figo.